Kura za Juu, Kura za Chini

Niliandika: kikao kimefunguliwa saa kumi na moja jioni.
Sikuandika mvua, wala makoti yanayochuruzika
juu ya viti vya darasa la kwanza, magoti yetu kidevuni,
wala harufu ya supu ya kabichi iliyobaki tangu mchana.
Kumbukumbu za manispaa hazina pua.

Fedha: zloti laki nane.
Maombi: milioni tatu na ushei.
Inzhinia Jolanta akatandaza ramani ya bustani ukutani,
tukagawiwa vibandiko, kila mtu vitatu.
Mama wa mapacha akabandika vyote kwenye choo.
"Bustani bila choo," akasema, "ni matembezi ya nusu saa."
Hilo nililinukuu neno kwa neno.

Bwana Remigiusz wa duka la viatu alitaka chemchemi yenye taa,
kama ile aliyoiona kwenye harusi ya shemeji yake.
Diwani alitaka bwawa.
Mita ishirini na tano, vigae vya buluu,
pale palipokuwa na mnara wa mgodi;
na picha aliyotuonyesha ilikuwa na jua
ambalo sisi wa Silesia tuliagana nalo Agosti.
Vibandiko vikalivamia bwawa kama sisimizi sukari.

Ndipo Gertruda Kuś akasimama na bomba lake la kadibodi.
Miaka ishirini na sita alikuwa mpima ramani mgodini.
Akatoa karatasi nyembamba, ya kuonyesha mwanga,
akaibandika juu ya ramani ya Jolanta,
na chini ya bustani yetu ukatokea mji mwingine:
mitaa yake, njia panda zake, vichochoro visivyo na majina
ila namba, kwa mwandiko wake mwenyewe wa ujana.

"Hapa," akasema, kidole juu ya vigae vya buluu,
"tulitoa makaa unene wa mtu aliyesimama.
Dari ya huko inashuka. Haina haraka, ila inashuka.
Jenga bwawa lako, diwani. Maji hayajui kupendelea:
upande mmoja watoto watazama,
upande wa pili watatembea na soksi."

"Kura zimeshapigwa," diwani akasema.
"Zimepigwa juu. Chini hamkuuliza."

"Basi ardhi itatulia lini?"
"Niulize nikishaifuata."

Kimya. Kipasha joto kikakohoa.
Nikaandika: majadiliano yaliendelea.

Ni Jolanta aliyeinua kichwa kwanza,
akaning'iniza funguo zake kwenye uzi wa miwani,
akainamisha mkono kushoto, akainamisha kulia.
Funguo zilining'inia wima vilevile.
"Bembea," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka alipoacha mwavuli.
"Nguzo ikipinda, mnyororo utaitafuta wima yake wenyewe."

Yakaafikiwa haya:
choo, laki tatu;
bembea sita, nne za watoto na mbili za watu wazima, laki mbili;
kujaza mashimo, laki tatu, kama mwaka jana,
kama mwaka juzi, kama mfuko unaoshonwa huku umevaliwa.
Bwana Remigiusz alipinga na akaomba iandikwe kwamba alipinga.
Imeandikwa.

Juni nilipita pale wakati wa chakula cha mchana.
Nguzo ya tatu imeshainama, upana wa kidole;
nilimwandikia Jolanta barua, bado iko kwenye koti.
Gertruda alikuwa juu ya bembea ya watu wazima,
mkoba mapajani, viatu vya lasi vikienda mbele ya pua yake,
halafu nyuma, juu ya mitaa aliyoichora,
bila kutazama chini hata mara moja.
Mapacha walikuwa wamesimama kando, wakihesabu zamu yao kwa sauti,
mikono bado mibichi.