Kiatu cha Kulia

Usinitazame mimi, Sechelela, tazama mchanga.
Uwanja huu wa Mpwapwa hauna siri:
mguu wako wa kulia umeburuta
ukaacha mfereji uliopinda kama mkia wa kenge.
Ndiyo maana mpira umekwenda kwa mbuzi wa akina Chibago.

Usililaumu bega. Umechelewa kiunoni.
Rede ilikufundisha kumlenga mtu;
hapa hatumpigi mtu, tunampita.
Haya, tena. Mkono uzunguke wote, ulegee,
kama unazungusha ndoo ya maji na hakuna tone linalomwagika.
Kiwiko kipite jirani na nyonga.
Na usiukamue mpira. Si chungwa.

(Mimi sijawahi kurusha hata mmoja.
Nimejifunza kwenye simu ya shemeji,
usiku, bando likikatika mkono ungali hewani.)

Upepo wa saa kumi ulifuta mistari yote ya majivu.
Karudia mara arobaini, au hamsini, niliacha kuhesabu.
Kisha mfereji mmoja, mnyoofu,
na glovu ya Nyemo ikalia pa!

Asubuhi mama yake kanisubiri langoni,
kiatu mkononi, ncha imetoboka:
"Mwalimu, huyu mtoto anatembeaje?"
Nakipokea. Napitisha kidole tunduni.
Tundu limekaa panapotakiwa.