Mpaka wa Wino

Jumanne nilichora mstari kwa kalamu ya bluu
kuuzunguka wekundu mkononi mwa Struan,
nikaandika saa: nne na robo.
Nikasema, usivuke hapa.
Nilikuwa nasema na wekundu, si naye.
Alicheka hata hivyo. Mvua ya Dundee
ilikuwa ikikwaruza dirisha.

Jumatano umeshavuka,
umefika kiwikoni
bila kuuliza wino ni wa nani.

Maabara ikarudisha orodha ya dawa sita.
Mbele ya tano, neno lilelile: sugu.

Neno hilo nalijua.
Ndilo wanalompa yeye,
dada yake kwenye simu, mlinzi wa mlangoni,
na mimi, siku moja, nikidhani amelala:
sugu huyu, mara ya nne hii.
Hakuna aliyeuliza kwa nini alikaa na jipu siku tisa
chini ya ngazi za maegesho,
akiyaogopa macho yetu kuliko homa.

Ya sita inadondoka sasa, tone, tone,
kwenye mshipa wa shingo, wa mwisho uliokubali.
"Huo," ananong'ona, "nilikuwa nimeuweka akiba."

Nachukua kalamu.
Nachora tena, mbali kidogo.