Kama Ilivyotoka Kiwandani

Ililetwa Jumanne, imeviringishwa blanketi la farasi,
mashine ya kamari ya mwaka thelathini na moja,
na mteja, Bwana Tasker wa Reno, kaandika kwa kalamu ya risasi:
Iwe kama ilivyotoka kiwandani.
Usiongeze, usipunguze.

Maite Etchegaray akavaa miwani.
Nje, Winnemucca ni theluji kavu na malori ya kwenda Utah.
Ndani, mafuta ya taa yamo kwenye sufuria
aliyopikia maharage marehemu mama yake,
na skrubu zinaogeshwa humo mojamoja
kama watoto wakaidi.

Rangi ya kwanza kubanduka ni kijani cha baa fulani.
Chini yake nyekundu, ya mtu mwenye haraka:
unywele wa brashi umenasa humo mpaka leo.
Chini ya nyekundu, rangi ya fedha, ya bei ya chee.
Sasa anakwangua kwa ukucha, chuma hakiamini,
hadi nyuma ya bawaba
ikachungulia buluu, kiasi cha punje ya mtama.
“Kumbe wewe,” akaiambia.

Nikeli ya mkono wa kuvutia imelika upande mmoja tu,
upande wa kidole gumba.
Ubavuni pana tundu la keekee;
mjanja mmoja alipenyeza waya, akaliziba kwa nta.
Hilo atalichomea. Halikutoka kiwandani.

Siku ya tisa akafungua magurudumu.
Malimau. Machungwa. Kengele.
Na kwenye gurudumu la tatu, kwa ndani,
kidude cha bati, si kikubwa kuliko ukucha wa mtoto,
kimepigiliwa kuziba pengo moja.
Pengo la kengele.

Akakaa.

Kwa hiyo kengele ya tatu haikuweza kusimama.
Si kwa dua, si kwa matusi,
si kwa mshahara wa msimu mzima.
Siku za mwizi arobaini, wanasema;
huyu kakaa miaka tisini gizani, anang'aa.

Babu Ganix alichunga kondoo wa watu miaka sita milimani,
akashuka na hela ndani ya soksi,
akazimaliza usiku mbili mbele ya mashine kama hii.
Labda hii hii. Nani ajuaye.
Nyumbani wakasema: ana nuksi.
Wakasema hivyo kwenye harusi yake,
wakasema hivyo wakimzika,
na yeye mwenyewe alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Patasi, nyundo ndogo, pigo moja.
Kilianguka mezani bila kelele ya kutosha.

Kisha, nyuma ya risiti, akapiga hesabu:
ishirini mara ishirini mara ishirini,
gawanya, toa.
Hata ikiwa safi, kiwanda kilijikatia
robo ya kila sarafu.
Huo ndio uaminifu iliozaliwa nao.
Akaurudisha wote, akaupaka grisi.

Bili ya Bwana Tasker ina mistari kumi na minne:
springi, nikeli, buluu, kioo.
Wa mwisho hauna bei.
Kidude cha bati, kimoja. Kimebaki kwangu.