Silabi Moja

Kitaya, darasa la tano, madawati yamesukumwa ukutani.
Mimi mkalimani wa siku tatu, posho sijaiona.
Bi Nankondya kavuka Ruvuma alfajiri
na wajukuu wawili, na ufunguo wa nyumba
isiyo na mlango tena.

Fomu inauliza: Sababu ya kuvuka.
Nafasi ya jibu, upana wa vidole viwili.
Yeye anasema Kimakonde, mimi naandika Kiswahili;
moshi haukuenea mle, nikauacha ukingoni.

Saa sita, barua kwa pikipiki:
Wahusika warudishwe kabla ya Ijumaa.
Muhuri haujakauka.

Afisa Chilumba anaisoma mara mbili.
Mkobani anatoa kitabu cha mikataba,
jalada limeliwa na mchwa, ibara haikuliwa:
wasirudishwe
penye hatari ya roho zao.
Tulitia saini. Si mimi, si yeye. Sisi.

Karatasi mbili juu ya dawati moja.
Neno ni lile lile, kasoro silabi.
Si.
Herufi mbili, nyembamba kuliko mwiba wa dagaa,
na ndilo boma lote alilo nalo bibi huyu.

"Wameandika nini?" ananiuliza.
Ufunguo unazunguka kidoleni.

Chilumba anaandika chini ya muhuri wao:
Barua imepungua silabi. Irekebishwe.
Pikipiki inaondoka na vumbi lake.
Ijumaa itakuja na nini, hatujui.

Namwambia bibi: kaa.
Kwa Kimakonde, halafu kwa Kiswahili,
ili Chilumba naye asikie.