Mkao wa Maiti

Daktari wa viungo hakunipa kidonge.
Alinipa karatasi yenye vijitu vya kalamu,
kila kijitu kimejikunja kivyake,
akasema, "Mzee Ndahani, mgongo wako una kutu.
Anza yoga. Polepole. Alfajiri, kabla ya chai."

Miaka ishirini na sita masjala,
nainua mafaili, nashusha mafaili,
hadi kiti kikaniachia umbo lake.

Basi, saa kumi na moja na nusu, Nkuhungu,
upepo wa mwezi wa saba ukipekua mabati ya jirani,
nikatandika mkeka barazani,
ule ule wa kuanikia mlenda,
bado una vumbi la kijani kwenye ukili.

Kijitu cha kwanza: inama, miguu wima, gusa vidole.
Niliinama.
Mikono ikafika magotini, ikasimama
kama mwananchi aliyeambiwa njoo kesho.
Nyuma ya paja kamba fulani ikapiga kelele
bila kutoa sauti.

Ndipo nikamkumbuka mama,
shamba la uwele kule Mvumi,
miguu wima, mwili umekunjika kiunoni,
jembe la mpini mfupi likinong'ona na udongo
toka kunakucha hadi kivuli kiingie chini ya nyayo.
Hakuna aliyemchora.
Jioni alijinyoosha mara moja tu,
mikono kiunoni, akatazama mawingu yasiyokuja,
akashusha pumzi ndefu: "Hayaa."
Labda somo lote lilikuwa hiyo "hayaa".

Kijitu cha nne kinasema: pumua.
Nilicheka. Miaka hamsini na minne nimepumua bila mwalimu!
Nikajaribu kuhesabu, moja, mbili, ta...
Kumbe pumzi yangu ni fupi,
inaishia kwenye kifungo cha pili cha shati,
inageuza kama mgeni aliyekuta mlango una kufuli.

Kijitu cha mwisho ndicho nilichokiogopa:
lala chali, viganja juu, jifanye maiti.
Nikalala.
Sechelela akachungulia, ufagio mkononi.
"Baba Mwaluko, umeanguka?"
"Nafanya mazoezi."
"Ya kufa?"
Sikumjibu. Maiti hajibu.

Mbingu ilikuwa pana tu, haina pambo,
nyota mbili zimechelewa kuondoka.
Nikaanza kuhisi uzito wa visigino vyangu,
hivi nilivyovisimamia maisha yote
bila hata kuvijulia hali.

Mara bomba la uani likakohoa.
Likakohoa tena. Siku ya nne leo, zamu ya mtaa wetu.
Maiti akafufuka, akapapasa kandambili:
ndoo kumi na mbili, pipa, madumu ya mama wa pili.

Niliinama kushika ndoo ya kwanza
na, sijui, labda nilidhani tu,
mkono ulipita goti kwa upana wa vidole viwili.
Ndoo ikijaa, pumzi ndani.
Nyingine ikijaa, pumzi nje.
Maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa.
Nikayaacha yatulie.