Seva ya Kabatini

Iko kabatini, kando ya mitungi ya matango ya siki,
ikikoroma kama paka. Watu arobaini na mmoja
wa hapa Tartu hupitishia humo maneno yao.
Siyasomi. Yamefungwa, na ufunguo sina.

Ila bahasha naziona:
Urmas, saa tisa usiku, kwa mtu wa Riga.
Urmas, saa tisa na robo.
Majuma sita. Kisha kimya.

Jana alibisha hodi, theluji mabegani:
“Maarika, futa vyote.”
Nikafuta vya kwangu.
Vya Riga, nikamwambia, viko kwa mwenyewe;
tulimkataa bwana mmoja,
sasa hatuna wa kumtuma.

Akavua buti. Nikamimina chai.
Taa ya kijani ikapepesa: mtu anamwandikia mtu.
Nikausukuma mlango wa kabati kwa kisigino.