Hili la Nani?

Fungu moja sokoni ni nyanya tano, elfu moja.
Moja kati ya hizo tano imegeuziwa ukutani
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Miaka yote niliilipia, nikijua.

Akiteng ndiye aliyepiga hesabu,
kwa kijiti, mchangani, nje ya vyumba vyetu vya Namakwekwe:
gunia la machungwa likishuka kutoka Teso, elfu themanini;
yanunue fungu kwa fungu mpaka gunia liishe
na utakuwa umetoa laki na nusu,
na umeomba nyongeza mara mia
kwa watu wasiotaka kukutazama usoni.
"Sisi ni wanne," akasema. "Themanini kwa wanne?"
Hata Nandudu, aliyetoroka shule kwa sababu ya hesabu,
alijibu.

Basi kila Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
tukawa tunangoja malori nyuma ya soko la Mbale,
leso kichwani, ukungu wa Masaba ukituingia puani.
Kupatana bei ilikuwa kazi ya Safina.
Alikuwa na Kiswahili cha Bombo, cha kambini,
kinachompa mwuzaji amri kabla hakijamsalimu.
Aliingiza mkono guniani hadi begani:
juu ya gunia ni salamu tu, alisema,
mwenye nyumba yuko chini.
Kabichi aliibonyeza kisogoni.
Bilinganya aliipima kwa kiganja;
kubwa halafu nyepesi, rudisha,
huyo anakuuzia hewa.

Mzigo ulipanda baiskeli ya kukodi.
Sisi tulitembea, kwa kuwa miguu hailipiwi.

Uani tuligawa. Mafungu manne juu ya turubai,
bovu likifidiwa na zima, dogo na kubwa,
kisha Khainza, binti wa Nandudu, miaka sita,
tunamgeuza uso kwenye ukuta.
Mimi nagusa fungu: "Hili la nani?"
Naye, bila kuona, anataja.
Hapakuwa na ugomvi.
Ukiangukiwa na lenye chungwa lililopondeka
unalaumu ukuta.

Mwaka haujaisha nilinunua godoro.
La inchi sita.
Kwa machungwa.

Mwezi wa nane Safina akaitwa Bombo, kumwuguza mama yake.
Aliondoka Alhamisi, na sufuria zake zote,
kwa hiyo tulielewa.

Jumamosi tulikwenda watatu.
Mwenye lori akatuona hatuna yule mwenye mkono mrefu,
akasema themanini na tano, nasi tukalipa.
Akiteng alichuchumaa na kijiti chake:
ishirini na nane, mia tatu thelathini na tatu,
kisha tatu, kisha tatu,
mkia usiokwisha,
na Uganda nzima hakuna sarafu ya mkia.
Akaufuta kwa soli ya ndala.

Uani mikono yetu ikapanga mafungu manne.
Sijui ni nani aliyeanza.
"Hili la nani?"
"La Akiteng."
"Na hili?"
"La mama."
"Hili?"
"La Safina," alisema mtoto, uso ukutani,
akijikuna mguu kwa mguu mwingine.

Likabaki pale hadi jua likalifikia.
Nilitaka kusema tulivunje, tuligawe upya,
fedha ni fedha.
Nandudu alichukua ufagio
akafagia ua wote, akalizunguka.

Jioni akapita kijana wa chumba cha mwisho,
fundi pikipiki, mikono myeusi hadi kwenye viwiko,
ambaye jiko lake halijui kitu zaidi ya chapati na mayai.
Akauliza, haya machungwa mnauzaje?

Akiteng alimtazama kuanzia viatuni.
Akamtazama mkono, akaufuata hadi begani.
"Hayauzwi," akasema.
"Lakini wewe, Jumamosi,
unaamka saa ngapi?"